Ukuta Usio na Macho

Nilianguka tena, rafiki yangu. Safari hii ilikuwa Arua mjini, katika wodi ya wanawake, mchana kweupe, na mkononi nilibeba chupa ya uji niliyoizungushia kitambaa nilichokipiga pasi asubuhi. Nakutajia pasi ili ujue jinsi nilivyojiandaa. Mama yangu mdogo alikuwa amelazwa kwa taabu ya moyo na kifua, na njia nzima, nikishuka kutoka Arua Hill ninakopanga chumba nyuma ya nyumba moja ya zamani ya wazungu, nilikuwa nikijifundisha: utaingia, utasema pole, utamtazama usoni, hutaangalia miguu, utapumua polepole kama mtu mwenye akili zake.

Niliingia vizuri. Pole nikaisema vizuri. Halafu muuguzi akainama upande wa miguu ya kitanda, akashika mpini wa chuma na kuanza kuuzungusha. Nusu ya juu ya kitanda ikainuka kidogo kidogo, ikilia kama baiskeli iliyokosa grisi, ikimkalisha mama mdogo ili apate kuvuta hewa. Sikuona damu wala kidonda. Niliona tu mgonjwa akikalishwa na chuma. Mate yakanijaa mdomoni yakiwa na ladha ya ufunguo, masikio yakavuma, na nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, miguu yangu imewekwa juu ya stuli, na mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa akiwauliza wenzake, "Huyu iko mugonjwa ama mugeni? Ulizeni mapema, vitanda imeisha."

Wodi nzima ilicheka. Hata mama mdogo alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi. Alipotulia alinitazama pale chini, akasema, "Ungekuwa kwa mama, angekupa kazi."

Tangu siku hiyo kila nikikaa peke yangu najikuta Lobule, kijijini nilikokulia.

Huyo "mama" aliyemtaja ni nyanya yangu, aliyewazaa wote wawili, mama yangu na mama mdogo. Nililelewa kwake, upande wa Koboko, kwa sababu mama yangu alikuwa na meza ya nguo sokoni Arua na hakuwa na mtu wa kunishika mchana. Babu alikuwa askari wa zamani. Alirudi kutoka jeshini na koti zito la kijani, redio moja na Kiswahili, na Kiswahili hicho kikawa lugha ya nyumba, maana baba yangu ni Mlugbara, mama ni Mkakwa, na babu hakutaka mtoto achaguliwe upande. Kilikuwa Kiswahili cha amri: kuja, kaa, lete, hapana kimbia. Hiki ninachokuandikia nimekiokota baadaye peke yangu, redioni na katika vitabu vya kuazima, na mpaka leo naogopa kukikosea. Lakini nikiota, watu wa ndoto zangu huongea kile cha babu.

Ukitaka kuiona nyumba ile, anza na harufu. Muhogo uliolowekwa ulianikwa juu ya jabali pana nyuma ya jiko, na jua likipanda harufu yake chachu ilifika mpaka njiani, mgeni akajua kwamba hapa hapana njaa. Majani ya tumbaku ya jirani yalikauka chini ya paa lake. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu kama moshi, tukawakusanya na kuwakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Nyanya aliwatwanga na chumvi kidogo, tukawala na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, unaong'aa kama kisigino kilichopakwa mafuta. Nimekula vyakula vingi tangu hapo. Sijapata kushiba namna ile.

Kazi zangu zilikuwa kuteka maji bombani, kumenya karanga na kufagia ua. Nilifagia kwa mistari. Kila mstari ulitakiwa kulala sambamba na mwenzake, na kuku akipita juu yake nilianza upya kutoka mlangoni. Nyanya aliniangalia siku moja akitikisa kichwa, akaniambia kwamba ua ni wa kukanyagwa, na kwamba mtu anayetaka ua usioguswa afagie makaburini. Nililia. Halafu nikafagia tena.

Kwa hiyo utaelewa ilivyonichoma kugundua kwamba kulikuwa na jambo moja ambalo mtoto yeyote aliliweza na mimi sikuliweza kabisa.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Habari ikifika kwamba mtu amelala, watu huacha jembe shambani na kupita kusalimia, na watoto huchukuliwa pia, ili wazoee. Unaingia, unakaa, unasema pole, unanyamaza. Kunyamaza kule ndiyo salamu yenyewe. Na kama ugonjwa ni wa kifua, basi kuna kazi ya kuwa ukuta. Mgonjwa wa kifua hawezi kulala chali. Akilazwa anazama kama mtu aliye majini. Mtu mmoja huketi nyuma yake mkekani, amenyoosha miguu, na mgonjwa humwegemea kifuani akapata kupumua. Wanawake walifanya zamu. "Nani leo ukuta?" waliulizana, kama wanavyoulizana nani leo anakwenda bombani.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa kwa yule jirani wa tumbaku. Nilishika mkono wa nyanya, nikaingia, nikamwona mzee akitetemeka chini ya mablanketi wakati sisi wote tunatoka jasho. Meno yake yaligongana. Nakumbuka nikiwaza kwamba lazima mtu ayashike meno yale, kwa nini hakuna anayeyashika, na kama hakuna basi nitafanya nini mimi. Mdomo ukajaa ladha ya ufunguo. Nilipozinduka nilikuwa nje kwenye majani na nyanya ananipepea kwa kanga yake.

Mzee yule alikufa wiki ile ile.

Kisha mwanamke mmoja wa upande wa kisimani akashikwa na homa baada ya kuzaa, tukaenda kusalimia, nikaanguka mlangoni kabla hata ya kukaa, naye hakupona. Hapo watu wakaanza kuyaunganisha mambo. Alipoletwa kijana kutoka Lurujo, amefungwa kwa kamba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa sababu nyoka alikuwa amemuuma, nilianguka hata kwake, na kijana akapona, na leo ni dereva wa bodaboda mwenye tumbo kubwa. Lakini yeye hakuingizwa kwenye hesabu. Aliyepona hakuwa habari.

Basi ikawa hivi: wakiniona napita, walivuta mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Kwa upole, rafiki yangu, bila kunitukana. Walikuwa wakinipenda na wakiniogopa kwa wakati mmoja, kama watu wanavyolichukulia wingu jeusi siku ya kuanika muhogo. Watoto wenzangu walikuwa wakweli zaidi. Walijiangusha chini mbele yangu, wakageuza macho, wakauliza, "Sisi tutakufa lini, daktari?" Waliniita daktari kwa sababu mwalimu wetu, aliyependa mwandiko wangu, alikuwa amemwambia babu kwamba mtoto huyu atafika udaktari. Babu alicheka mpaka akashika ubavu. "Daktari ya kulala chini?" aliuliza. Alirudia utani huo kwa kila mgeni, na kila mara nilicheka pamoja nao, halafu nikaenda nyuma ya jiko.

Siku moja mke wa fundi baiskeli alikuja na bakuli la bamia kavu. Aliketi muda mrefu akizungumza juu ya mvua. Mume wake alikuwa amelala siku nyingi, na sisi tulijua, kwa hiyo nyanya alimwacha azunguke mpaka achoke. Mwishowe akasema alichokuja kusema.

"Mama, mimi naomba huyu mtoto. Akuje tu salamia muzee. Kidogo tu."

"Kusalimia, ama kuanguka?"

Mwanamke aliitazama mikono yake. Akasema kwamba kaka za mume wake wako mbali, ng'ambo ya mpaka, na njia ni ngumu. Kama ni kufa, awaite sasa. Kama si kufa, asiwasumbue. "Mimi nataka kujua tu, mama. Kujua tu."

Nyanya hakukasirika. Alimrudishia bakuli likiwa na karanga ndani, kwa sababu bakuli halirudi tupu, akamwambia, "Mutoto yangu si kipimo. Peleka muzee hospitali. Huko ndiyo iko kipimo."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Na jambo ninaloona haya kulisema mpaka leo ni kwamba nilitaka kwenda. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu aliyenihitaji kwa ajili ya udhaifu wangu, na nilikuwa nimeanza kuamini wanayoyaamini. Fundi alipelekwa hospitali, akarudi, akashika tena spana zake. Imani yangu haikuondoka naye. Iligeuka tu: kama kuanguka kwangu ni kifo, basi kutoanguka kwangu ni uzima. Mtoto aliyezoea kuanza upya mstari kwa sababu ya kuku, unadhani atalifanya nini wazo kama hilo? Nililibeba kila mahali.

Ndipo nyanya akaugua.

Ilianza kwa kusimama. Alikuwa mtu wa kupanda kutoka bombani na jerikeni kichwani huku akigombana na mtu aliye nyuma yake bila kugeuka, na sasa alisimama katikati ya njia kana kwamba amesahau kitu. Kisha akaacha kulala chali. Kisha miguu ikavimba. Babu alimpeleka hospitali Koboko, wakamweka, wakampa vidonge, wakamwambia apunguze chumvi na asibebe kitu. Alirudi nyumbani akiwa mwembamba juu na mzito chini. Mama mdogo, ambaye wakati huo alikuwa hajaolewa, aliacha kazi yake ya kushona mjini akaja kukaa nasi. Wanawake wakatandika mkeka, wakapanga zamu za ukuta, na mimi nikahamishiwa kulala jikoni.

Hawakusema kwa nini. Mama mdogo alisema tu kwamba nyumba ni ndogo.

Fikiria, rafiki yangu. Mtu aliyenipepea kila nilipoanguka yuko nyuma ya ukuta wa udongo, namsikia akivuta hewa kama anavuta kamba ndefu kutoka kisimani, nami siruhusiwi kumwona, kwa sababu nikimwona nikaanguka, nitakuwa nimemhukumu. Nami nilikubaliana nao. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Sikuwaona wabaya.

Kwa hiyo nikaanza kujifunza kusimama. Kuku akichinjwa nilisogea karibu nikatazama mpaka mwisho. Mbuzi wa jirani alikuwa na kidonda shingoni; nilimwendea kila jioni kama mtu mwenye ahadi. Nilikuwa nimesikia wanawake wakisema kwamba ukibonyeza mguu wa nyanya kwa kidole shimo linabaki, basi nikaubonyeza wangu, nikijiambia hili ndilo, hili tu, shimo dogo, tazama. Nilikwenda kwenye pipa la maji nikafanya mazoezi ya uso: uso wa pole, uso wa kawaida, uso wa mtu aliyepita tu. Nilichagua siku. Nilipika uji mimi mwenyewe, wa mtama na simsim, bila bonge hata moja, nikauweka kwenye bakuli lake la rangi ya kijani, na wanawake walipokuwa wamezama kwenye kuchambua majani ya kunde, nikapita katikati yao nikaingia.

Ndani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya mafuta ya kujipaka. Mama mdogo ndiye aliyekuwa ukuta. Nyanya alikuwa amemwegemea, kichwa kimeinuka, shingo imekaza, na mdomo uko wazi kama wa kinda. Aliniona akatabasamu. Ningeweza kulishinda lile tabasamu. Lakini kanga ilikuwa imepanda, na kwenye muundi wa mguu wake kulikuwa na alama ya kidole, shimo lililobaki, limetulia pale kama kwenye unga uliokandwa, na hakuna aliyekuwa akilifukia.

Bakuli lilianguka kwanza, kisha mimi.

Nilizindukia uani. Hakuna aliyelia, na hilo ndilo lilikuwa baya. Kisu cha kunde kilikuwa kimewekwa chini. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti ya chini sufuria kubwa iko kwa nani, ile ya kupikia watu wengi. Babu alikuwa amesimama karibu na redio, ameizima, amevua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili. Nilitaka kuwaambia kwamba nilijaribu. Nilitaka kuwaonyesha jinsi uji ulivyokuwa laini.

Kutoka ndani ikasikika sauti nyembamba, ya kuvutwa, ikikatika kila baada ya neno. "Nani amemwaga uji yangu?"

Wanawake waligeukia mlango.

"Mimi nasikia nyinyi. Mumenyamaza sababu gani? Mimi bado. Leteni mutoto."

Mwanamke wa sufuria akasema kwa heshima kwamba mtoto ataanguka tena, mama. Tulisubiri nyanya apate pumzi ya kujibu. Ilichukua muda.

"Yeye naanguka kama naangalia," alisema. "Nani alisema ukuta iko na macho?"

Nikaingizwa kinyumenyume. Mama mdogo alinishika mabega akanirudisha nyuma hatua kwa hatua, nikiwa nimeuelekea mlango, nikiwaona wanawake uani wakinitazama nikipungua. Akanikalisha mkekani. Halafu nikasikia mgongo wa nyanya ukifika juu ya mgongo wangu. Ulikuwa wa moto na mifupa yake ilikuwa karibu kuliko nilivyotarajia. Alijiegemeza kidogo, akapima, kisha akajiachia uzito wake wote. Nilikaza tumbo, nikasukuma visigino chini, nikashika. Nje mtu akacheka. Mwingine akachukua kisu akaendelea na kunde. Na babu akawasha redio.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Nakuomba usinifikirie kama shujaa. Kwenye zamu za wengine kulikuwa na kumlisha, kumwosha, kumgeuza, kumpangusa. Mimi nilikuwa mgongo tu, baada ya shule na siku za mapumziko. Niliwekewa ungo wa karanga mapajani ili mikono isikae bure, nikamenya, na maganda yakapasuka moja moja, na mvua ikanyesha nje ya mlango nilioutazama. Wapita njia walituona wakasema tunafanana na mapacha waliogombana. Mke wa fundi baiskeli alipita na mumewe, akasimama, akanitazama usoni kwa muda, nikamtazama, na nyanya nyuma yangu akasema, "Pita, mama. Mimi iko nakula karanga ya bure." Baada ya hapo nadhani watu waliacha kunichunguza. Au walichoka.

Nyanya alikuwa na usemi wake: "Uso ya mutu inaweza danganya. Mugongo hapana." Aliusema mara nyingi, na nilidhani ni maneno tu ya kunifariji, mpaka nilipoanza kuusoma mgongo wake. Nilijifunza usingizi wake, namna unavyoshuka kutoka shingoni. Nilijifunza kicheko kabla hakijatoka. Alipomwambia mgeni kwamba leo ni nafuu, mgongo uliniambia kama ni kweli. Mara nyingi haikuwa kweli. Kuna siku alivuta hewa na hewa haikuja, akavuta tena, na mgongo mzima ukawa kama mtu anayejaribu kuinua jiwe, nami nikavuta pamoja naye, nikajaza kifua changu mpaka kikauma, kana kwamba ningeweza kumpitishia kidogo. Ukuta hauwezi kumvutia mtu pumzi. Unaweza tu kukaa mahali pake. Nilikaa, nikitazama kuku, nikimenya karanga, na machozi yakishuka yalishukia kwenye ungo, na nilijitahidi mabega yasitikisike, maana yeye naye alikuwa akinisoma.

"Hapana lia," alisema siku moja, bila mimi kutoa sauti. "Karanga itakuwa na chumvi. Wamenikataza chumvi."

Ilikuwa mwisho wa mavuno. Jua la baada ya adhuhuri lilikuwa juu ya jabali, na karanga zilikuwa zimeanikwa zikifanya kelele ndogo zikikauka. Mama mdogo alikuwa amekwenda bombani. Babu alikuwa amelala kivulini na redio kifuani. Kuku mmoja mwekundu akaja kwenye jabali akijifanya hatuoni.

"Kuku nakula karanga," nyanya alisema. Sijui alimwonaje, kwa kuwa yeye alitazama ukutani. Labda alisikia mdomo wake ukidonoa. "Fukuza."

Nikarusha ganda. Likampiga kuku mkiani, akaruka kwa hasira, na nikasikia kicheko cha nyanya kikitembea mgongoni mwangu, kidogo, kutoka kiunoni kwenda juu.

Kisha akawa mzito. Nilifikiri amelala. Nilifurahi, kwa sababu hakuwa amelala vizuri tangu juzi, nikaamua kwamba leo nitakuwa ukuta kuliko kuta zote. Niliacha hata kumenya, ili maganda yasimwamshe. Mguu ukafa ganzi, nikauacha. Chungu akapanda mkononi, nikamwacha apande. Nilikaa wima kwa namna ambayo nisingeweza kukaa kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, na nilijisikia, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba nafanya kitu bila kosa.

Mama mdogo aliingia na jerikeni. Nilikuwa nimeuelekea mlango, kwa hiyo niliuona uso wake, na uso wake ulinipita ukaenda nyuma yangu. Akaweka jerikeni chini polepole sana.

"Usigeuke," alisema.

"Amelala," nikamnong'oneza.

"Kaa hivyo hivyo, mwanangu. Kaa kwanza. Usigeuke."

Nikakaa. Alitoka kumwamsha babu, wakaja watu, nikaona miguu yao ikipita pande zote mbili za mkeka. Hakuna aliyelia bado, walikuwa wananisubiri. Kisha mikono mingi ikamwinua nyanya kutoka kwangu, na upepo wa mlangoni ukapita pale alipokuwa, kwenye gauni langu lililoloa jasho letu sote wawili. Mama mdogo akanishika mkono akanitoa nje kwa upande ule ule niliokuwa natazama. Sikuuona uso wa nyanya. Wanaume walipombeba jioni alikuwa amekwisha kufunikwa.

Na sikuanguka. Nilisimama uani nikisubiri ladha ya ufunguo, nikisubiri masikio yavume. Hayakuvuma. Mwili wangu ulioanguka kwa ajili ya majirani na kwa ajili ya kijana wa nyoka ulisimama imara kama mti wa uzio. Mwanamke yule wa sufuria alinitazama akashangaa, akawaambia wenzake, "Lakini mutoto hajaanguka," kama mtu anayeleta hoja, kama kwamba bado kuna mahali pa kwenda kuuliza. Nami nilikuwa na hoja ile ile. Sikuanguka. Nilikuwa nimefanya yote sawasawa.

Nilirudi Lobule mwaka jana. Nyumba imekwisha kuyeyuka, udongo umerudi kwa udongo, na mahali pa mkeka pameota kunde za mtu mwingine. Babu naye hayupo, na koti lake lililiwa na mende. Jabali bado lipo, lakini muhogo sasa huanikwa kwenye maturubai. Nilimuuliza msichana mmoja anayeishi karibu kama wagonjwa wa kifua bado wanawekewa ukuta. Hakunielewa. Nilipomweleza akasema, aa, siku hizi tunaweka mito, au tunapiga simu bodaboda ije. Alinijibu kwa adabu, na alikuwa na haki. Mto hauchoki. Mpini wa chuma hauangushi bakuli.

Siku ya pili baada ya aibu yangu nilirudi wodini. Kutoka mlangoni nilitembea kinyumenyume mpaka kwenye kitanda cha mama mdogo, na mwanamke wa kitanda cha pili akawaambia wenzake kwamba mgonjwa wao amerudi, na leo akili ndiyo imelazwa. Hairuhusiwi kukaa kitandani. Nilikaa sakafuni, nikaegemeza mgongo kwenye kile chuma kilichomwinua. Mama mdogo alielewa mara moja. Juu yangu nilisikia shuka likisogea, akijisukuma kuelekea upande wangu, na mpini ukilia kidogo. Pumzi yake niliisikia kwa masikio, kama ninavyoisikia ya mtu yeyote. Mgongoni palikuwa na baridi tu.

Baada ya muda akaniuliza polepole, "Unanisikia mgongoni?"

Nikasema ndiyo. Hakuweza kuuona uso wangu, na chuma kilichokuwa kati yetu hakikumwambia kitu.